Kijani Chini ya Bluu

Mimi na baiskeli hatupatani. Nilijifunza kuendesha nikiwa darasa la tano, nikaangukia mtaroni mbele ya kwaya nzima ya kanisa, na tangu siku hiyo tunasalimiana kwa mbali. Kazi yangu ni ushonaji, nina kibanda Ujiji, na kitu pekee chenye pedali ninachokiamini ni cherehani yangu. Kwa hiyo asubuhi niliposema naenda kununua baiskeli niliyoiona kwenye simu, wateja wawili waliokuwa wakisubiri magauni yao walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aulize kama nina homa.

Ilikuwa imewekwa kwenye lile kundi la kuuziana vitu ambalo nusu ya mji tumo. Kati ya kabati lisilo na mlango na pasi ya mkaa, kulikuwa na picha ya baiskeli ya bluu imeegemezwa ukutani, na chini yake maneno: "Baiskeli ya resi, ya zamani, bado ngangari. Kasingirima. Bei maelewano." Ningepita zangu. Lakini usukani wake ulikuwa umekunjwa kwenda chini pande zote mbili, kama pembe za kondoo dume, na usukani wa namna hiyo nimeusikia tangu sijaota meno.

Mama yangu anaishi Simbo, analima mihogo na maharage, na ana hadithi moja asiyochoka kuisimulia. Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Siku zake zilipokaribia, baba alikuwa amepanda treni kwenda Tabora. Mama akaona asingoje, akafunga vitu vyake kwenye kanga, akaanza kushuka kwa miguu kwenda mjini kwa shangazi yake ili awe karibu na hospitali. Uchungu ukamkuta njiani, peke yake, akakaa chini kando ya barabara. Akatokea mwanamume mwenye baiskeli. Alisimama, akamtazama, hakuuliza swali hata moja. Akampandisha kwenye karia. Penye mteremko aliendesha, penye mlima alisukuma, mpaka mlango wa wodi ya wazazi. Manesi wakampokea mama, na alipopata nguvu ya kugeuza shingo, yule mtu hayupo. Hakuacha jina. Uso wake mama hakuushika, maana safari nzima alikuwa akiutazama mgongo. Alichobaki nacho ni vitu vitatu: usukani wa pembe za kondoo, karia iliyonuka dagaa, na rangi ya kijani iliyogandia kwenye kitenge chake kipya isitoke tena.

"Ulizaliwa unanuka dagaa, mwana wanje," huniambia, yaani mwanangu kwa Kiha chetu, na wadogo zangu wamenicheka kwa maneno hayo hadi leo wana mvi.

Kwa mama mwenyewe lakini si kichekesho. Pale wodini aliweka nadhiri ya kumpa yule mtu jogoo. Akatoka hospitali, akachagua jogoo, na mtu wa kumpa hakupatikana. Tangu hapo, katika kuku wote wa mama, kuna jogoo mmoja ambaye ni wa yule mtu. Haliwi na mgeni, haliwi Krismasi, haliwi hata baba alipofiwa na kaka yake tukakosa kitoweo. Akizeeka, mama humpeleka kanisani akapigwe mnada wa sadaka, na siku hiyohiyo huchagua mwingine. Nimekulia kwenye nyumba ambayo jogoo mzuri kuliko wote alikuwa wa mtu asiyekuja. Utotoni nilimchukia mtu huyo kwa moyo wote, Mungu anisamehe.

Mwaka jana presha ilimwangusha mama. Alikaa kitandani wiki tatu, na nilipokuwa namlisha uji akaniambia, "Nikifika kwa Mungu ataniuliza, yule mtu ulimwambia nini? Nitasema sikumwambia kitu." Alipona, namshukuru Mungu, ila maneno yale hayakunitoka. Ndiyo maana nilipouona ule usukani kwenye simu, niliacha gauni la watu kwenye cherehani nikaenda Kasingirima.

Aliyekuwa anauza ni mwanamke wa rika langu, mke wa nyumba ile. Na hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu. Mimi nimelelewa sokoni. Ninajua kwamba ukikipenda kitu usikitazame mara mbili, maana bei itapanda miti. Aliponiuliza naitakia nini, nikamwambia ya kubebea vitambaa. Nikasema tairi zimekwisha, kiti kimechanika, mnyororo umeota kutu, na mbona usukani wenyewe umepinda, iligongwa? Nilijisikia fundi. Barazani alikuwa amekaa mzee mmoja amevaa kanzu na kofia, mikono juu ya bakora, anaitazama baiskeli bila kupepesa. Nilimsalimu kama inavyopasa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaipeleka wapi?"

Nikajua huyu sasa anataka kuiharibu bei yangu. "Nyumbani tu, mzee."

"Itunze," akasema.

Nikaikokota nikaondoka, nimefurahi kwamba sikufungua mdomo.

Hiyo ikawa kazi ya kwanza: kujua nimenunua nini. Jirani yangu wa kibanda ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, na hayo machache ni ya kukukosoa. Aliigeuza miguu juu, akaipangusa chini, pale zinapopita krenki, vile vyuma vinavyoshika pedali, zikatokea namba zilizogongwa kwenye chuma. Hakuzijua. Nikapiga picha, nikazituma kwenye ukurasa mmoja wa watu wanaopenda baiskeli za zamani, watu wa nchi za baridi wanaoandika aya nne juu ya skrubu moja. Akanijibu mzee mmoja wa huko. Kila ujumbe wake simu ilinitafsiria kwa Kiswahili cha kuokoteza, lakini tulielewana. Alitaka kuona maungio ya mabomba ya fremu. Alitaka kuona krenki zimeshikwa kwa nini, na waya za gia zimefungwaje. Akataka vipimo. Mimi sina chombo cha kupimia baiskeli, nina futi yangu ya cherehani, basi nikaipima fremu ile kama ninavyompima bibi harusi, fundi akinishikia upande wa pili na kutikisa kichwa.

Ilichukua siku kadhaa. Mwisho yule mzee wa mbali akaandika hivi: gurudumu la nyuma si lake, usilihesabu, limebadilishwa. Karia imetengenezwa huko huko kwenu. Lakini fremu, uma na usukani ni mtu na ndugu zake. Krenki zimebanwa kwa pini, waya zimeshikwa kwa vibanio vya kufungwa, hakuna kilichochomelewa, na namba nayo ni ya enzi hizohizo. Akaniuliza nimezaliwa mwaka gani, akasema baiskeli inanizidi kwa miaka minane, pengine kumi.

Fundi akauliza kulikoni. Nikamwambia kwamba umri wa baiskeli umejulikana, tatizo ni wangu. Cheti changu kinasema tarehe mosi Januari, kama nusu ya darasa letu, kwa sababu mwalimu aliyetuandikisha alichoka kuwauliza wazazi. Mama anachojua ni kwamba ilikuwa kiangazi, na Januari hapa kwetu ni matope. Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini. Lakini hesabu ilikubali. Siku mama alipokaa kando ya barabara, baiskeli hii ilikuwa duniani tayari.

Nikampigia mama. Nilishindwa hata kumsalimu vizuri. Nikamwambia ina usukani ule, ina karia, na ni ya zamani kutosha.

"Rangi?" akauliza.

"Bluu, mama."

"Basi siyo," akasema, akakata simu.

Nilikasirika. Siku nzima niliikanyaga cherehani kama naiua. Jioni, kabla hatujafunga, fundi akaja na wembe. Alisema kitu kilikuwa kinamkera: rangi ya baiskeli hii ni nene mno, si rangi ya dukani. Akachagua mahali pa siri, chini ya karia inapoungana na fremu, akaanza kukwangua taratibu. Bluu ikatoka. Chini yake nyeupe. Chini ya nyeupe njano. Halafu akapuliza vumbi, akaninyooshea wembe nione, na pale kwenye ncha palikuwa na kijani. Chini kabisa ndiyo rangi iliyozaliwa nayo, nyekundu ya damu ya mzee yenye mstari mwembamba wa dhahabu, lakini mimi sikuwa na haja nayo. Nilipiga kelele mpaka mwuza mawese wa upande wa pili akaja mbio.

"Hii ni rangi ya mitumbwi," fundi akasema. "Nenda Kibirizi, ufukweni kwa wavuvi."

Kibirizi niliambiwa nimtafute mchoraji wa vyombo vya majini, mtu wa makamo ambaye baba yake alivuka kutoka Kongo akiwa na brashi zake kwenye kikapu. Nikaikokota baiskeli mpaka huko, nikamkuta amechuchumaa ubavuni mwa boti, pua yake karibu iguse ubao. Safari hii nilikwisha kujifunza kidogo. Nilimweleza yote, tangu kitenge cha mama mpaka jogoo. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua pale palipokwanguliwa.

"Njo yenyewe hii, mama," akasema kwa Kiswahili cha Kongo alichorithi kwa baba yake. "Hii kijani ni ya baba yangu."

Akanieleza jambo ambalo hakuna mtu wa nchi za baridi angeniambia. Zamani chombo kikubwa cha dagaa kilikuwa na baiskeli yake. Si ya nahodha, si ya baharia fulani, ni ya chombo. Ilikaa ufukweni, na yeyote aliyekuwa nchi kavu aliichukua kwenda kutafuta mafuta ya taa ya karabai, au kupeleka dagaa vijijini kubadilisha na unga. Na chombo kikipakwa rangi, kinachobaki kwenye kopo kinapakwa baiskeli, ili ijulikane ni ya nani hata ikiachwa Simbo. Chombo kikifa, baiskeli huhamia kinachofuata. Kwa hiyo bluu, nyeupe, njano na kijani ni vyombo vinne, kimoja baada ya kingine, vya nahodha mmoja.

"Kijani ilikosekana madukani," akasema. "Baba alichanganya bluu ya mtu huyu na njano ya mtu yule. Chombo kimoja tu kilipakwa hii."

Nikamuuliza ni nani aliyekuwa akiiendesha.

"Yeyote, mama. Walikuwa saba."

Moyo ukanishuka. Nilikuwa namtafuta mwenye baiskeli, kumbe baiskeli haikuwa na mwenyewe. Nikauliza wangapi wapo. Akahesabu kwa vidole akiviinamisha kimoja kimoja. Wengine wamezikwa hapahapa, wengine walihamia ng'ambo ya ziwa wakafia huko. Kidole kimoja kikabaki kimesimama.

"Nahodha wao yupo. Amezeeka sana. Anakaa Kasingirima, kwa mkwe wake. Hata hiyo baiskeli alikuwa nayo mpaka majuzi, nasikia wameiuza."

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Mzee alinikalia mbele barazani, akaniuliza mwenyewe naipeleka wapi, nami nikamfungia mdomo kwa ajili ya bei. Nilikwenda mpaka kwa watu wa theluji kuulizia kitu ambacho jibu lake lilikuwa linanitazama. Nilijisema vibaya njia nzima ya kurudi Ujiji.

Nikampigia mama tena, nikamweleza ile kijani na yule nahodha; siku ya pili yake akashuka na bajaji, jogoo kwapani. Kabla ya yote alitaka kuiona baiskeli. Aliizunguka, akaweka kiganja kwenye usukani, kisha akainama akainusa karia, mwanamke wa miaka sabini na zaidi, barabarani, watu wanatazama. "Haina harufu tena," akasema kwa huzuni kidogo. Nikamwonyesha pale penye kijani. Akapaangalia muda mrefu, akajifunga kanga upya, akasema twende.

Nilianza na mke wa nyumba ile, nikamwomba radhi kwa maneno niliyoisema baiskeli yake. Akacheka, akasema naye alijua nilikuwa naitaka, mtu asiyetaka kitu hahesabu makosa yake yote. Tukapelekwa barazani. Mama akamwamkia mzee, "Shikamoo kaka," akaketi kwenye mkeka, jogoo amemlaza mapajani. Akasimulia. Alisimulia kama anavyosimulia siku zote, hakuongeza wala hakupunguza, na alipofika kwenye kitenge mzee akanyanyua mkono kumsimamisha.

"Rangi ilikuwa mbichi," mzee akasema. "Tulikuwa tumepaka juzi yake. Ilikuwa mbalamwezi, mwezi wa saba, dagaa hawafuati taa, hatuvui."

Mama akamsogezea jogoo kwa mikono miwili. "Basi ni wewe."

"Siyo mimi, dada." Mzee hakumgusa jogoo. "Aliyekubeba alikuwa baharia wangu. Mimi ndiye niliyemfukuza kazi."

Alizungumza polepole, akitazama ardhi. Yule baharia aliondoka Kibirizi na gunia la dagaa kwenda kubadilisha unga. Akarudi mikono mitupu. Hana dagaa, hana unga, na karia imechubuka rangi iliyopakwa juzi tu. Akawaambia amemkuta mama mjamzito njiani, akashusha gunia kichakani ili ampakie, na aliporudi kulichukua halikuwepo.

"Nikamwambia, mama gani? Dagaa wako wapi? Nikasema amemhonga mwanamke wake. Tulimcheka, wote sita. Nikamtoa kwenye chombo changu mbele ya wenzake. Shukrani ya punda mateke, dada, na hata punda ana nafuu. Alivuka akahamia ng'ambo, akafia huko miaka mingi sasa. Hakuja kunisalimu tena."

Jogoo alikuwa akiguna. Mzee akainua macho kwa mara ya kwanza, akaniangalia mimi.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye huyu," mama akasema.

Aliniita nikasogea, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mikavu, na akaendelea kunishika. "Sisi tulimwuliza, kama kweli ulimfikisha hospitali, mbona umechelewa hivyo kurudi? Akasema alikaa nje, chini ya dirisha, mpaka mtoto akalia. Alisema ni hapo tu alipoondoka. Na hilo ndilo tulilolicheka zaidi ya yote."

Mama alikuwa amejifunika uso na ncha ya kanga. "Mimi miaka yote najua aliniacha mlangoni," akasema. "Sikujua alingoja."

Mimi nililia bila aibu. Kulikuwa na mtu aliyenisikia nikilia kwa mara ya kwanza hapa duniani, mtu ambaye si ndugu yangu, ambaye gunia lake lilikuwa kichakani na kazi yake mashakani, naye akakaa kungoja. Na mimi utotoni nilimchukia kwa sababu ya mapaja ya kuku.

"Alisema kweli," mzee akarudia, kama anawaambia watu waliokuwa nyuma yangu. "Alisema kweli yule."

Mama akajifuta uso, akamsukumia jogoo tena. "Mpokelee."

"Mimi? Baada ya hayo niliyokwambia?"

"Ndiyo, wewe. Umebaki wewe unayemjua jina. Niambie."

Mzee akalitaja. Sitaliandika hapa, ana watoto ng'ambo na wao ndio wenye nalo. Mama akalitamka taratibu akilijaribu mdomoni, akalirudia mara ya pili. Kisha akamshukuru mwenye jina hilo kwa Kiha, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyesimama mbele yake amempisha njiani:

"Wakoze."

Ndipo mzee akampokea jogoo.

Nilitaka kumrudishia baiskeli, akakataa. Alisema baiskeli ya chombo haikai ndani ya nyumba ya mtu, niiweke nje. Mchoraji wa Kibirizi ameipaka kijani, aliichanganya mwenyewe akijaribu mpaka akaikaribia ile ya baba yake, na sasa inaegemea ubavuni mwa kibanda changu bila kufuli. Juzi binti wa mwuza mawese aliichukua kwenda kumnunulia bibi yake dawa. Fundi ananung'unika kwamba wataiharibu, kisha anaitia mafuta.

Jumapili iliyopita nilipanda Simbo. Mama alikuwa amechinja. Nilipofunua sufuria nikaona ni jogoo, jogoo mkubwa hasa, mkono ukasita kwa mazoea, nikamuuliza huyu ni wa nani.

"Wetu," mama akasema. "Kula."